Furu wetu walimalizwa na sangara, au tunamsingizia samaki wa watu?

#1 Mwana_wa_Mwalo (mleta uzi)
Wakuu salaam. Jumapili nilimpeleka mzee wangu Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba. Ana miaka 78, kavua Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, tangu ujana wake mpaka mgongo ulipomkatalia. Tukapita kwenye sangara, tukapita kwenye sato, tukafika kwenye dagaa. Akawakumbuka wale samaki wadogo wa asili wa ziwani, akauliza, "Furu wako wapi?" Mama mmoja akamwonesha kisado cha vijisamaki vidogo vya rangi ya majivu. Mzee akavitazama, akasema, "Hawa si furu. Hawa ni wajukuu wa furu."

Njiani nikampa jibu tulilofundishwa shuleni, kwamba sangara aliwala wote. Akakataa katakata. Anasema zamani ukizamisha kasia unaliona mpaka ncha, na maji yalianza kubadilika kabla sangara hajawa wengi. "Sangara alikuta nyumba imeshaanza kuungua, yeye akamalizia kuiba vyombo."

Nami nimeanza kumwamini. Dai langu: sangara anasingiziwa. Wajuzi njooni.

#2 Ngoja_Wajuzi
Naweka kiti hapa. Karanga ninazo.

#3 Kidevu_cha_Beberu
Hakuna fumbo hapo. Wazungu walimleta sangara miaka ya 80 ili wapate minofu ya kupeleka kwao. Furu wetu wakaliwa, minofu ikapanda ndege, sisi tukabaki na mapanki, mifupa na vichwa. Uzi ufungwe.

#4 Fundi_Samaki
Uzi usifungwe, mkuu #3 umechanganya tarehe. Sangara wa kwanza waliingizwa upande wa Uganda mwaka 1954, tena kimyakimya. Kilichofanyika 1962 na 1963 ni kumwaga wengine kwa baraka za serikali. Mbegu ilitoka Ziwa Albert, baadaye na Turkana. Miaka ya 80 ndipo walipolipuka: walianza kujaa upande wa Kenya, kisha wakafurika kwetu Mwanza. Viwanda vya minofu vilikuja nyuma ya samaki, havikumtangulia.

Sasa nije kwa mzee wa mleta uzi. Namheshimu, ila hesabu zinamkataa. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 70 furu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa. Zaidi ya aina 500, karibu zote hazipo kwingine duniani. Kufika katikati ya miaka ya 80, kwenye maji ya wazi ya Ghuba ya Mwanza ukivuta wavu hupati kitu. Aina zinazokadiriwa kupotea ni 200 na ushee. Ndani ya miaka hiyohiyo sangara akapanda kama moto wa kiangazi, ukimpasua tumbo unakuta furu. Furu walipokwisha akahamia kwa uduvi, dagaa, na watoto wake mwenyewe. Ukimkuta mtu ana kisu chenye damu na marehemu yuko tumboni mwake, utasema anasingiziwa?

#5 Ngoja_Wajuzi
Marehemu yuko tumboni 😂 Endelea Fundi.

#6 Nyar_Homabay
Habari zenu kutoka ng'ambo ya pili, Kenya. Huku huyo sangara tunamwita mbuta, na furu ni fulu. Fundi amesema vizuri lakini ameanza hadithi katikati.

Reli ilifika Kisumu 1901. Nyavu za kisasa za kutega zikafuata 1905. Samaki aliyekuwa akitafutwa ni ngege, yule sato wa asili, si huyu sato mnayeuziwa leo ambaye naye ni mgeni wa miaka ya 50. Nyavu zilivuta ngege mpaka mwaka 1927 serikali ya kikoloni ikamleta mtaalamu, Michael Graham, apime ziwa. Alipendekeza wavu usipungue macho ya inchi 5. Na huyohuyo alionya kwamba kuleta samaki mkubwa anayekula wenzake kutoka maji mengine ni hatari kubwa bila utafiti wa kutosha. Onyo likawekwa kabatini, miaka 25 baadaye mbuta akamwagwa.

Nyanya yangu alikuwa akisema ngege walianza kuwa wadogo yeye bado msichana. Mbuta hajaonekana. Kwa hivyo hapa mwizi wa kwanza ni sisi na nyavu zetu.

#7 Kidevu_cha_Beberu
Nyanya yako alisema? Huku kwetu nyanya hazisemi, tunazikaanga na kitunguu.

#8 Nyar_Homabay
Haya, bibi yangu. Tena ungemwambia hivyo mbele yake ungelala njaa.

#9 Mstaafu_wa_Bandari
Mnamsahau mhusika mwingine. Miaka ya 70 Ghuba ya Mwanza ilikuwa na meli za kukokota nyavu, na kikawepo kiwanda cha kusaga furu kuwa unga wa chakula cha kuku. Furu ndio walikuwa malighafi. Nilikuwa kijana, harufu ile ukiipata asubuhi huhitaji saa ya kukuamsha. Walioko chomboni walikuwa wakisema wenyewe kwamba furu wakubwa wanapungua na safari zinarefuka, na sangara kipindi hicho ukimpata mmoja watu wanakuja kumshangaa.

Mjue na hili: furu jike halagi mayai na kuyaacha. Huyabeba mdomoni mpaka yaanguliwe, na hayo mayai ni machache, unaweza kuyahesabu. Sangara jike hutaga mamilioni. Ukimvua furu mwenye mayai umevua familia nzima.

#10 Fundi_Samaki
#9 uko sahihi kuhusu meli, ila zilikuwa kwenye eneo dogo la ghuba. Furu walipotea mpaka mahali ambako hakuna meli iliyowahi kupita. Hiyo inaeleza robo ya kesi, haielezi yote.

#11 Tope_la_Ziwa
Naomba nimtetee mzee wa #1, maana naona anapelekwa jela bila wakili.

Tope la chini ya ziwa husomwa kama daftari. Wataalamu walitoboa na kutoa vipande virefu, kila tabaka na miaka yake. Wakakuta mwani ulianza kuongezeka kati ya miaka ya 20 na 40, yaani wakati mashamba yanafunguliwa, misitu inakatwa na miji inakua pembezoni mwa ziwa. Sangara bado yuko kwao Albert anaota jua. Kufika miaka ya 80 mwani ulikuwa umeongezeka maradufu kadhaa, na maji ya chini yanakosa hewa kwa miezi mingi ya mwaka. Graham yule wa #6 alipopima mwaka 1927 kwa kuzamisha kisahani cheupe, alikiona mpaka mita 7 au 8 kwenye maji ya katikati. Jaribu leo karibu na mjini uone kama unapata hata mbili.

Kwa hiyo mzee aliposema kasia lilikuwa linaonekana, hakuwa anakumbuka ujana kwa utamu. Anasema kitu kilichopimwa.

#12 Mwana_wa_Mwalo
#11 asante sana mkuu, namsomea mzee hii jioni.

#13 Fundi_Samaki
Wakili mzuri, ila jibu hili: mwani uliongezeka tangu miaka ya 20, furu wakaendelea kuwa asilimia 80 mpaka miaka ya 70. Kwa nini wasife pole pole, wakafa ghafla sangara alipojaa? Na tena wapo wanaodai kinyume: furu wengi walikuwa wakila mwani na mabaki ya chini, sangara alipowamaliza mwani ukakosa mlaji, ndipo maji yakazidi kuharibika. Yaani mzee kaona moshi na moto ila kageuza kipi kimeanza.

#14 Tope_la_Ziwa
Tope halijageuza.

#15 Mbogo_Leiden
Niko Uholanzi, nasoma uzi huu nikiwa kwenye treni nacheka peke yangu. Wakuu, furu wenu wako huku. Sitanii. Kuanzia 1977 kulikuwa na kikosi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha huku wakifanya kazi Ghuba ya Mwanza, kwa hiyo waliwakuta furu wakiwa bado wamejaa na wakawashuhudia wakitoweka mbele ya macho yao. Sampuli zipo makumbusho ya Leiden, maelfu, kwenye chupa. Baadhi hawajulikani kuonekana tena ziwani.

Lakini nilichotaka kuongeza ni jambo ambalo hakuna aliyeligusa: RANGI. Kwenye mawe ya Ghuba ya Mwanza kuna furu wawili ndugu. Dume wa mmoja ana rangi ya buluu kijivu na milia, anaitwa Pundamilia pundamilia. Dume wa mwingine ana mgongo mwekundu, naye anaitwa Pundamilia nyererei. Ndiyo, kwa heshima ya Mwalimu. Majike wao hufanana sana. Jike humchagua mume kwa rangi: huyu anataka mwekundu, huyu anataka wa buluu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionesha kwamba maji yakiwa na tope mwanga unabadilika, rangi hazionekani vizuri, jike anakosea mume. Watoto wanakuwa mchanganyiko. Baada ya vizazi kadhaa, aina mbili zimekuwa moja. Hakuna aliyeliwa, hakuna aliyevuliwa, lakini aina imepotea.

Mzee aliposema "wajukuu wa furu", na vijisamaki alivyooneshwa vya rangi ya majivu, nilisisimka.

#16 Kidevu_cha_Beberu
Yaani furu wameangamia kwa sababu ya kuoana gizani. Haya mambo yapo hata mjini.

#17 Ngoja_Wajuzi
Pundamilia nyererei ana mgongo mwekundu? Ningetarajia awe na kifimbo na Kaunda suti.

#18 Mstaafu_wa_Bandari
Mwacheni Mwalimu apumzike. Ila #15, hao wa kwenye mawe sisi tuliwaita mbipi. Hawakuwa wa kwenye wavu, walikuwa wa watoto wenye ndoano.

#19 Mama_Dagaa_Kirumba
Shikamooni wakubwa. Mnaongea ya kwenye vitabu, mie naongea ya kwenye kichanja. Nauza dagaa mwaka wa 19 sasa. Furu wapo, wanakuja wamechanganyika na dagaa, ila ni wadogo mno na wakikauka huwezi kumtofautisha huyu na yule. Mteja wa Kongo hawataki, anasema wana miiba, tunawachambua tunawauza kwa watu wa vyakula vya kuku.

Tatizo ninaloliona mie ni wavu. Sheria inasema wavu wa dagaa usipungue milimita 8. Nenda mwaloni usiku ukatazame ni nini kinapakiwa. Wavu mdogo unakusanya dagaa asiyewahi kuzaa, mtoto wa sangara, mtoto wa sato, na huyo furu wenu wa kihistoria. Zamani karabai mbili tatu, sasa taa za sola mtumbwi mmoja unawaka kama harusi. Samaki gani atakosa kuja?

#20 Mkokoro
Mama umenigusa pabaya. Mie nilikuwa na kokoro, ule wavu wa kukokota, sikatai. Operesheni moja ilipita kwetu, nyavu zikachomwa ufukweni, na katika moto huo zikaingia nyavu za jirani yangu za inchi 6 ambazo ni halali kabisa. Alilia kama kafiwa. Aliyepima alipima zikiwa zimelowa na kujikunja, hakutaka kusikia. Mimi nilistahili, yeye hakustahili.

Ila niseme kitu. Kokoro linaburuza chini, linabeba mpaka viota. Sato dume anachimba shimo lake mchangani, anakaa analinda. Unapita na kokoro unasawazisha kijiji kizima. Nilikuwa naviona vile vishimo na navuta tu. Watoto walikuwa wanataka ada.

#21 Nyar_Homabay
#20 pole kwa jirani, na heshima kwa kusema ukweli.

#22 Jinja_Boda
Mimi niko Jinja, Kiswahili changu mtanisamehe. Nyinyi wote munasema samaki. Mbona hakuna mtu anasema maji yenyewe? Kati ya 2004 na 2006 ziwa lilishuka sana, mitumbwi ilibaki juu ya tope. Wengine walisema ni jua, wengine walisema ni mabwawa ya umeme hapa kwetu yanafungulia maji mengi kupita mapatano. Wataalamu wengine waligawa lawama nusu kwa nusu. Kisha 2020 likapanda likaingia ndani ya nyumba za watu. Mafunjo ya pembeni ndiyo nyumba ya samaki wadogo. Ukikausha mafunjo, au ukilima ndani yake, samaki atazaa wapi?

#23 Tope_la_Ziwa
Mafunjo ndiyo yaliyowaokoa waliobaki. Ndani yake hewa ni kidogo, na sangara hawezi kukaa kwenye maji yasiyo na hewa ya kutosha. Furu anavumilia, kamongo ndiyo kabisa, anapumua hewa ya juu kama wewe. Ngege wa bibi yake #6 bado yupo Ziwa Kanyaboli huko Kenya, ambalo limetengwa na ziwa kubwa kwa mafunjo hayohayo.

#24 Nyar_Homabay
Kanyaboli ni kweli. Niliwahi kula. Ladha yake usiniulize, nitalia.

#25 Sambaza_Goma
Bonjour wote. Mimi Goma. Naona munalaumu kuleta samaki mugeni. Huku Ziwa Kivu, sambaza si wa kwetu, walimutoa Tanganyika mwaka 1959 wakamumwaga hapa. Leo sambaza ndiyo chakula ya watu. Kama sambaza hangekuja, tungekula mawe ya volkano. Kwa hiyo si kila mugeni ni mwizi.

#26 Fundi_Samaki
Karibu Goma. Hoja nzuri, ila sambaza ni kidagaa, anakula vidudu vya majini katikati ya ziwa ambako hakukuwa na samaki wa kazi hiyo. Sangara anafika kilo 200. Ni kama mgeni mmoja kaja na kijiko, mwingine kaja na panga.

#27 Sambaza_Goma
Sawa. Lakini kayabo yenu ya sangara, ile ya kukausha na chumvi, tunaipenda. Mwenye panga atume ingine 🙂

#28 Daktari_wa_Mifugo_Musoma
Kuna athari nyingine ya furu kupotea: baadhi yao walikuwa wakila konokono. Konokono wakizidi, kichocho kinazidi. Hii imethibitishwa.

#29 Tope_la_Ziwa
Imeoneshwa Ziwa Nyasa, mkuu, ambako uvuvi uliwapunguza samaki wala konokono ufukweni na kichocho kikapanda. Kwetu Victoria ni dhana yenye mantiki. Tusihamishe ushahidi kama mizigo ya basi.

#30 Daktari_wa_Mifugo_Musoma
Nimekubali marekebisho.

#31 Mstaafu_wa_Bandari
Nimekumbuka jingine. Furu na ngege walikaushwa juani, ukimwanika siku chache umemaliza. Sangara ana mafuta, jua halimtoshi, lazima kuni. Miaka ya 80 na 90 visiwani miti iliondoka mtu akaona nyuma ya kisiwa. Udongo ukakosa wa kuushika, mvua ikija unashuka ziwani.

#32 Tope_la_Ziwa
Na moshi wake. Sehemu kubwa ya fosforasi inayolisha mwani wa ziwa hushuka kutoka angani, vumbi na majivu ya moto wa mashamba na kuni. Watu hutazama mito na mifereji ya mji tu, wakati mbolea nyingine inanyesha.

#33 Kidevu_cha_Beberu
Kwa hiyo sangara kala furu, kisha kakaushwa kwa miti, miti ikawa moshi, moshi ukawa mwani, mwani ukafanya giza, gizani furu waliobaki wakaoana vibaya. Narudi kwenye #3: uzi ufungwe.

#34 Mwana_wa_Mwalo
#33 leo umesema la maana kwa bahati mbaya.

#35 Kizimba_Namba_Saba
Mimi nafuga sato kwenye vizimba. Mwaka jana asubuhi moja niliamka nikakuta vizimba viwili vimeelea vyote, matumbo juu. Upepo uligeuka usiku, maji ya chini yasiyo na hewa yakapanda juu. Samaki wa porini angekimbia, wa kizimba atakimbilia wapi? Majirani wakasema ni sumu, mganga akasema ni jirani. Hasara yangu sitaitaja, mke wangu yumo humu.

#36 Jinja_Boda
Januari 2021 hapa Uganda sangara wakubwa walielea hivyohivyo. Watu wakasema sumu. Serikali ikasema hewa ilipungua majini baada ya dhoruba. Mkubwa ndiye hufa kwanza, anahitaji hewa nyingi.

#37 Mkokoro
Sumu nayo ilikuwepo lakini, tusijifanye. Miaka ya 90 mwishoni watu walivulia dawa ya pamba. Mwaka 1999 Ulaya walifunga mlango kwa samaki wetu kwa ajili hiyo. Bei ya sangara mwaloni ilianguka mpaka tukawa tunamla sisi.

#38 Kizimba_Namba_Saba
Na siku hizi bondo lake lina thamani kuliko yeye mwenyewe. Anavuliwa kwa ajili ya mfuko wa hewa uliomo tumboni.

#39 Ngoja_Wajuzi
Gugu maji mbona hajashtakiwa? Naona watuhumiwa wote wamepita kizimbani, yeye yuko nje anakunywa soda.

#40 Nyar_Homabay
Huyo hapa Kisumu tulimjua vizuri. Alionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 80, akashuka na mto Kagera. Kufika 1998 meli hazitoki bandarini. Wakaletwa wadudu wa kumtafuna, na mvua za El Niño zikaja, akapungua. Sasa hurudi kila akipata mbolea. Lakini kwa kesi ya fulu ana kisingizio: alifika wakiwa wameshaondoka. Tena chini ya magugu kamongo na mumi (kambare) walijificha wakaongezeka.

#41 Mbogo_Leiden
Kabla hamjazika wote: furu wamerudi kiasi. Tangu miaka ya 90 sangara alivyovuliwa sana, aina chache zilianza kuonekana tena, hasa wanaokula vidudu vya maji ya katikati. Na si walewale. Waliwapima mmoja wao, matamvua yake yameongezeka eneo kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka 20, apate kupumua kwenye maji mabovu. Ni samaki aliyejifunza kuishi na sisi.

#42 Fundi_Samaki
#41 umenipa hoja bila kujua: sangara kupungua, furu kurudi, na maji bado machafu. Muuaji ni nani?

#43 Tope_la_Ziwa
Wamerudi wenye mapafu ya maji machafu tu. Wengine hawakurudi. Muuaji ni nani?

#44 Mwana_wa_Mwalo
Wakuu, nimemaliza kumsomea mzee. Picha ya nyererei nimemwonesha kwenye simu, kaikodolea macho, kasema ni mbipi wa kwenye mawe, alikuwa akimtoa kwenye ndoano anamrudisha majini kwa sababu hashibishi mtu. Hakujua ana jina la rais. Kuhusu mume kukosewa gizani amecheka mpaka kakohoa.

Msimamo wake haujabadilika, maji kwanza. Kuhusu wale wa Leiden ameuliza kama wanaweza kurudishwa.

#45 Mbogo_Leiden
Mpe shikamoo yangu. Mwambie wamelala kwenye pombe kali miaka zaidi ya 40, hawaamki.

#46 Mwana_wa_Mwalo
Kasema basi afadhali, walau wao waliondoka wamelewa.

#47 Mama_Dagaa_Kirumba
Mwanangu, giza la mwezi linaingia wiki ijayo, mitumbwi itatoka. Mlete mzee Alhamisi asubuhi kabla jua halijakaza. Nitawachambua furu wabichi kabla hawajaanikwa, nimtengee kisado. Aje atuambie ni yupi mjukuu wa nani.